Kilo Mbili na Nusu Chini ya Kiti

Kwenye karakana ya Kerrison mizani zilikuwa nyingi kuliko vikombe vya chai. Kulikuwa na mizani ya skrubu, mizani ya milango, na ile kubwa ya sahani nne ambayo gari zima linapanda, kila gurudumu na sahani yake. Miaka sitini watu wa pale walikuwa wanatengeneza gari moja tu, Linnet, la viti viwili, halina paa, jepesi kama kile kindege cha vichakani walichokichukulia jina. Juu ya mlango mkubwa mzee mwanzilishi alipaka sheria yake kwa rangi nyeupe: UKIONGEZA GRAMU, PUNGUZA GRAMU. Kila mwaka mtu alipanda ngazi akaipaka upya.

Na kulikuwa na Mnyororo.

Huo ulitolewa kwenye jahazi bovu la mizigo mtoni, kilo nane za chuma chenye kutu. Gari jipya likipandishwa kwenye mizani, fundi ambaye kitu chake kimezidi uzito ulioandikwa kwenye orodha anavishwa Mnyororo shingoni. Anafanya nao kazi, anakula nao, anaenda nao chooni, mpaka saa ya kutoka. Zamani ilikuwa kicheko tu, jioni mwenye Mnyororo ananunuliwa bia. Lakini mjukuu, Giles Kerrison, aliporithi karakana, mchezo ukageuka. Chini yake waliuvaa watu watatu, na wote watatu waliuvua wakapewa barua za kufukuzwa kazi. Tena hawakupata kazi mahali pengine, maana mafundi wa magari mkoa mzima wa Norfolk, huko Uingereza, wanajuana, na habari ya Mnyororo inamtangulia mtu kama harufu.

Tamsin Utting aliyajua yote hayo. Miaka ishirini na tisa, injinia wa betri, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna kamba ya kitambulisho chake. Linnet ya umeme, ya kwanza, ya majaribio, moja tu duniani, ilikuwa ya kwake. Kina Dougie Mobbs, wale wa springi na magurudumu, walimwita Mama Mawe kwa uzito wa betri zake.

"Mama Mawe, leo umetuletea mzigo gani?"

"Mama Mawe, ukilala kitandani mumeo haanguki upande wako?"

"Hana mume, bwana. Nani atambeba?"

Wiki ya kwanza walimjazia mawe ya kweli kwenye begi. Aliyemtetea alikuwa mmoja tu, mzee Clifford Thirtle, fundi bodi, miaka sitini na saba, mwenye vidole vinene kama soseji na sikio linalosikia bati likiwa limekonda. Mzee hakugomba na mtu. Aliyatoa yale mawe, akayapima moja moja, akayaandika uzito kwa chaki, halafu saa ya chakula kila mmoja akafungua mkate wake akakuta jiwe lake limepangwa vizuri pamoja na jibini. Walicheka wote, hata Mobbs. Tangu siku hiyo Tamsin alikunywa chai kwenye benchi la Thirtle.

Na ndo hapo, mwezi wa sita, alipomkuta anachomelea kibomba cha alumini chini ya kiti cha abiria, mshono mzuri kama wa cherehani.

"Hicho mbona hakimo kwenye mchoro?"

"Hakimo," alisema mzee, akasukuma miwani ya kuchomelea juu ya paji. "Huyo ni Avril."

Avril alikuwa mkewe. Alishona viti vya Linnet miaka arobaini, akafa mwezi wa pili, akachomwa, na majivu yake yakakaa kwenye chupa jikoni. Tamsin alikwenda kwenye mazishi. Akadhani mzee anatania.

"Kilo mbili na nusu," Thirtle akasema. "Nilimpima. Maisha yake yote alikuwa anakataa kupanda mizani, safari hii hakuweza kunikatalia."

Ilikuwa desturi ya zamani: gari la kwanza la kila aina, fundi bodi anaficha ndani yake kitu chake. Baba mkwe wake alificha jino. Yeye mwenyewe, ujanani, alificha kifungo cha shati la harusi. Sasa aliona hili ndilo gari lake la mwisho.

"Lakini mzee, orodha! Utavishwa Mnyororo."

"Njoo uone." Akamfunulia bati la sakafu. Lilikuwa limetobolewa matundu kama chujio, mistari iliyonyooka, kila tundu limepigwa tupa kingo zake mpaka linateleza. "Mia nne na kumi. Kila siku baada ya chai natoboa machache. Yeye na bomba lake nimewatolea uzito wao wote, mpaka gramu ya mwisho. Hakuna atakayeibiwa." Akakohoa. "Nimekuambia wewe peke yako, binti. Mobbs akijua, atanitungia wimbo."

"Sitasema," alisema Tamsin. Na alimaanisha.

*

Siku ya mizani ilikuja mwezi wa kumi, upepo unapiga mabati ya paa kama mtu anadai afunguliwe. Wageni watatu wenye mtaji walikuwa wanakuja saa sita mchana. Kama Linnet ya umeme ingekuwa chini ya kilo mia saba wangeweka sahihi, magari yangeanza kutengenezwa, na Tamsin angekuwa injinia mkuu. Kerrison alimwahidi hivyo mbele ya wote. Mbele ya wote vilevile alisema, "Ikizidi, nataka jina."

Saa nne walilisukuma gari juu ya sahani nne. Mzee Thirtle hakuwepo. Alikuwa amekwenda nyumbani kubadili nguo, maana kwa desturi aliyetengeneza moyo wa gari ndiye anaendesha mara ya kwanza, na aliyetengeneza bodi anakaa pembeni yake.

Namba zilicheza, zikatulia.

702.4.

Orodha ilisema 699.8.

"Kilo mbili na gramu mia sita," alisema Kerrison. Alikuwa na sauti nyembamba, na hakuwahi kuipandisha. "Zimetoka wapi?"

"Kwangu hazijatoka," Mobbs alidakia, mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Alikuwa jitu la mtu, shingo nyekundu. "Springi zangu nimezipima jana. Mama Mawe, jiwe gani umelisahau humo?"

Watu wakacheka. Tamsin akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa wa mwezi wa tatu. Betri, kilo 231.0. Na pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno moja dogo: kavu.

Aliipima betri kabla ya kuijaza maji ya kupoza. Alijiandikia ili akumbuke kuyaongeza kwenye orodha, halafu akasahau. Maji yenyewe ni hayo hayo, kilo mbili na gramu mia sita. Kosa la mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni. Akalifunga daftari.

"Tuanze na betri basi," Mobbs akasema, ameshashika spana. "Ndo kitu kizito. Tuishushe, tuipime upya. Dakika ishirini tu."

"Anzeni," alisema Kerrison. "Na uleteni Mnyororo karibu."

Mtu akauburuta kutoka ukutani. Ile sauti yake juu ya saruji, kruu, kruu, Tamsin aliisikia kwenye meno. Mawazoni aliwaona wale watatu waliokwisha kuuvaa. Aliwaona mafundi wa Norfolk nzima wakicheka. Akamwona Mobbs akilala chini ya gari, spana inagusa nati ya kwanza.

"Dougie, subiri."

Mobbs akatoa kichwa. "Nini?"

Bado angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: niliipima kavu. Yalifika mpaka kwenye ulimi, akaisikia ladha yake. Halafu akasikia mdomo wake unasema mengine.

"Kuna bomba chini ya kiti cha abiria. Halimo kwenye mchoro."

Mobbs akajivuta mpaka upande ule, akagonga kwa mpini wa spana. Halikulia kama bomba tupu. Lilisema dut, dut, kama kifua cha mtu aliyeshiba.

"Limejaa!" Mobbs akapiga kelele kwa furaha. "Mzee Thirtle! Mzee mtakatifu! Leteni drili!"

"Labda tumsubiri mwenyewe," Tamsin alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Wageni hawatamsubiri," alisema Kerrison.

Mobbs alitoboa mara mbili, tundu moja chini la kumwagia, moja mbele la kuingizia hewa. Hakuhangaika kupiga tupa kingo. Sinia la oili likawekwa chini, na yale majivu yakaanza kushuka, shaa, taratibu, ya kijivu, na chembe nyeupe nyeupe ndani yake. Mwishoni kikadondoka kitu kikalia ting.

Mobbs akakiokota. Ilikuwa kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvaa kidoleni mtu akishona.

"Hii si ya Avril?" Kerrison aliuliza.

"Ya Avril kabisa!" Mobbs akaichomeka kwenye ncha ya kidole chake kinene, akacheza nayo. "Sasa nimemwelewa. Kaficha ukumbusho wa mkewe, halafu kaujazia mchanga usigongegonge! Gari la umeme halina kelele, si lingelia ting ting barabara nzima? Mjanja huyu mzee! Mjanja, lakini kilo mbili na nusu!"

Karakana nzima ikakubali, maana wote walishawahi kujaza mchanga kwenye bomba linalogongagonga. Ni kitu fundi yeyote pale angefanya. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Ila Tamsin alijua, naye alikuwa anaangalia sinia.

"Tuuweke wapi huu?" Mobbs alisema, akatazama huku na huku, akaona mlangoni dimbwi la oili ambalo lilivuja asubuhi. "Haya, twende." Akaumwaga wote pale, akausambaza kwa kiatu, kushoto, kulia, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. "Unanyonya kuliko ule unga wa dukani!"

Namba kwenye mizani zilisoma 699.9. Watu wakapiga makofi. Kerrison akamgusa Tamsin begani, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

"Una macho. Mwenye macho ndo mwenye gari."

"Nizibe matundu na utepe?" Mobbs aliuliza.

"Utepe una gramu," alisema Kerrison. "Yaache wazi. Na mzee msimwambie kitu sasa hivi. Sitaki fujo mbele ya wageni. Wakiondoka, mnamvisha."

"Itakuwa tamu zaidi hivyo," Mobbs alisema, akaitia kastabini mfukoni.

*

Thirtle alirudi saa sita kasoro dakika kumi, amevaa suti nyeusi ileile ya mazishi, na tai ambayo Avril aliishona kwa kipande cha kitambaa cha viti. Nywele kazilaza kwa maji. Pale mlangoni akasimama, akatazama chini.

"Siku ya wageni mnamwaga oili mlangoni? Hamna haya nyie?"

"Tutafagia, mzee," Mobbs akajibu, amejiuma mdomo. Nyuma yake mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

Mzee akatikisa kichwa, halafu kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa na nje kuna matope, akavipangusa pale pale kwenye ule unga, cha kulia, cha kushoto, nyayo mpaka kisigino, kama mtu mstaarabu anayeingia nyumba ya watu.

Tamsin alitazama ukutani.

"Imepita?" mzee alimuuliza.

"Imepita. Mia sita tisini na tisa nukta tisa."

"Nilijua!" Akamkumbatia. Alinukia sabuni na dawa ya viatu. "Nilijua, binti yangu. Wamuite sasa Mama Mawe nisikie."

Wageni waliingia, wakaruka ile oili. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa koti la kijani, Bi Rackham, mwenye sura ya mtu aliyeuziwa vitu vibovu mara nyingi. Aliizunguka Linnet, akaigusa kwa kucha.

"Nzuri," alisema. "Lakini gari lisilo na sauti ni kama mbwa asiyebweka. Nimeendesha haya ya umeme. Mtu unasinzia."

Kerrison akatabasamu kwa meno tu. Tamsin akashika usukani, Thirtle akajikunja kwenye kiti cha abiria, suti na yote, wakatoka kwenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita, njia ndefu ya saruji iliyoota majani, kunguru wanatembea juu yake kama wenye mali.

Gari liliondoka bila mngurumo. Walisikia matairi, walisikia upepo, walisikia hata koti la mzee likipepea. Thirtle aliweka kiganja chake ukingoni mwa kiti, akakipapasa.

"Unasikia, Avril?" alisema, si kwa Tamsin. "Hakuna kelele. Miaka yote unalalamika masikio. Haya, leo tunaongea kama watu."

Tamsin akakaza macho mbele.

"Unajua alikuwa anashona viti mia kila mwaka," mzee aliendelea, "na hajawahi kupanda Linnet hata moja ikitembea? Hata moja. Alisema, Cliff, siku mkitengeneza isiyopiga kelele nitapanda." Akacheka, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ongeza mwendo kidogo, binti. Mwendo wa mama huu."

Akaongeza. Maili arobaini, hamsini. Kwenye sitini kitu kikaanza.

Mwanzoni kilikuwa kama pumzi. Halafu kikawa mluzi, mwembamba, mrefu, kama mtoto anapuliza mdomo wa chupa. Kila mwendo ulipoongezeka na wenyewe ulipanda. Kwenye gari la petroli usingesikika milele. Hapa ulijaa kote.

Uso wa Thirtle ukabadilika. Akawa fundi. Akainamisha sikio kulia, kushoto, chini.

"Hewa inaingia mahali," alisema. "Tundu limeachwa na kingo kali. Si langu, mimi nimepiga tupa yote." Akaingiza mkono chini ya kiti. Tamsin alisikia kidole chake kinagonga bomba mara moja. Ng'oo. Kikagonga tena. Ng'oo, tupu, kama debe.

Mkono ukatambaa, ukafika kwenye tundu. Akaingiza kidole, na mluzi ukakatika.

Walienda hivyo, kimya kabisa, kidole cha mzee kimeziba tundu. Alipoinama ajishike kwa mkono mwingine, Tamsin aliona damu kwenye kifundo cha kile kidole. Kingo zilimchana.

"Nani katoboa?"

"Mobbs."

Saruji ilipita chini yao. Kunguru wakaruka.

"Mobbs alijuaje pa kutoboa?"

Tamsin alikuwa na uongo wa namna tatu tayari. Aliuacha wote. "Nilimwonyesha mimi," akasema. "Gari lilizidi. Kilo mbili na gramu mia sita. Betri niliipima kavu, mzee. Maji niliyasahau. Na Mnyororo ulikuwa pale, na Mobbs ameshashika spana, na mimi..."

"Maji ya kupoza," alisema Thirtle polepole. "Mimi nilikuwa sijazidi."

"Hukuzidi."

"Mpaka gramu ya mwisho."

"Ndiyo."

Mwisho wa njia ulikaribia, Tamsin akageuza gari, wakawa wanatazama karakana kwa mbali na wale wageni watatu wadogo kama pini.

"Ungeniambia tu," alisema Thirtle. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Ungenipigia simu, ningerudi. Ungesema mzee, nimeharibu, nahitaji kilo mbili na nusu. Ningemtoa mwenyewe. Ningemrudisha kwenye chupa yake jikoni, wala Avril asingenuna. Yeye alikupenda."

Tamsin hakuweza kuona barabara vizuri.

"Yuko wapi?" mzee akauliza.

Tamsin akapunguza mwendo.

"Tamsin. Mke wangu mmemuweka wapi?"

"Mlangoni," alisema. "Kwenye oili."

Thirtle akatazama viatu vyake. Akavitazama muda mrefu, cha kulia, cha kushoto, vile vilivyokuwa vimeng'arishwa. Halafu akachomoa kidole kwenye tundu.

"Endesha," alisema. "Wape mwendo waliokuja kuutazama."

"Mzee..."

"Endesha, nimesema!"

Akakanyaga. Sabini, themanini, tisini. Mluzi ukarudi, ukapanda juu, ukawa kama kilio chenye wimbo ndani yake, ukapita mbele ya wageni ukayumbisha majani. Na Bi Rackham, yule mama wa koti la kijani, aliruka juu akapiga makofi kama msichana.

"Linaimba!" alipiga kelele. "Kerrison, mbona hukuniambia kwamba linaimba?"

"Nilitaka msikie wenyewe," alisema Kerrison, bila hata kupepesa jicho.

*

Wageni walikwenda kula na Kerrison kwenye baa ya kijijini. Mlango ulipofungwa tu, Mobbs akatokea na Mnyororo begani, wenzake nyuma yake wanapiga makopo ya rangi kama ngoma.

"Clifford Thirtle! Fundi wa mafundi! Kilo mbili na nusu za mchanga! Inama!"

Mzee akainama. Hakubisha. Wakamvisha juu ya suti, juu ya tai ya Avril, na kutu ikaacha mstari mwekundu kwenye kola nyeupe.

"Sema neno, mzee!"

"Au ndo uzee umekuzidi uzito?"

"Na hii hapa," Mobbs alisema, akatoa kastabini mfukoni, akampa kwa kupiga magoti kama mchumba. "Tumekutunzia. Mchanga wenyewe samahani, tumeshautumia."

Thirtle aliipokea, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu akaenda kwenye benchi lake, Mnyororo unagongana kila hatua, akachukua kopo lake la biskuti, akamimina biskuti mezani, akachukua brashi ndogo ya rangi, akaenda mlangoni. Akapiga magoti.

Pale chini palikuwa pameshakuwa tope jeusi, na nyayo za kila mtu juu yake. Akaanza kufagia kuingiza koponi, kidogo kidogo, kama anayeokota mchele.

"Mzee, acha bwana," Mobbs akacheka. "Huo ni uchafu tu. Unaharibu suti."

Thirtle hakugeuka.

"Dougie, mwanangu. Lile gari lako la harusi, viti alikushonea nani?"

"Avril. Alinishonea bure, Mungu ampe..."

Alitazama brashi, akatazama kopo. Tamsin aliona kabisa saa ile ambayo Mobbs alielewa: ile shingo nyekundu ikapauka kutoka juu kwenda chini, kama mtu anashusha pazia.

Aliyekuwa anapiga kopo la rangi aliacha.

Jitu lile likakaa chini kwenye saruji. Likaanza kufungua kamba za mabuti. Likavua, likampelekea mzee mabuti yote mawili, nyayo juu. Thirtle aliyapokea, akayagongagonga taratibu ukingoni mwa kopo, moja, la pili, akamrudishia. Halafu mwingine akavua. Halafu mwingine. Walijipanga mstari, wanaume wazima na soksi zao zilizotoboka, kila mmoja ameshika viatu mkononi.

Mzee alivua vya kwake mwisho.

Tamsin alikuwa amesimama karibu na gari. Kutoka mlangoni mpaka pale ni hatua thelathini. Aliwaza kuzitembea. Mzee hakumwita, wala hakumtazama, wala hakumtaja kwa mtu, si siku hiyo wala baadaye.

Yalipokwisha, Thirtle aliliweka kopo kwenye mizani ndogo, maana ni mtu wa pale, asingeweza kutopima. Akatoa uzito wa kopo kwa kichwa. Oili imo, mchanga wa nje umo, na bado.

"Kilo moja na gramu mia tisa," alisema. Akafunika. "Hajatimia."

Akauvua Mnyororo, akautundika mwenyewe kwenye msumari wake ukutani, ukae sawa. Akatoka na soksi kwenye matope, kopo kifuani, viatu kaviacha pale pale kwenye mizani.

Kerrison aliingia baada ya dakika chache, mashavu yamewaka kwa mvinyo, anasugua mikono.

"Wameweka sahihi! Na wanautaka ule mluzi. Kila gari litakalotoka hapa lazima liimbe vilevile, hivyo hivyo, bila tofauti." Akatazama huku na huku. "Mbona mmevua viatu?"

Mobbs alitazama viatu vya mzee juu ya mizani.

"Haya, injinia mkuu," akamgeukia Tamsin. "Hiyo ni kazi yako. Lile tundu la ukubwa gani?"

Wanaume wote waligeuka wakamtazama, wamesimama na soksi. Yeye tu ndiye alikuwa bado amevaa viatu.

"Milimita nane," alisema Tamsin. "Na kingo zake zisipigwe tupa. Zikipigwa, halilii."